Mapipa Matatu

Huku Seiq, juu mlimani, Januari haibishi hodi.
Inaingia na viatu.
Asubuhi maji ya kuku yameganda,
unayavunja kwa kisigino,
na mikomamanga ya jirani imesimama uchi
kama watu waliosahau walichotoka kukitafuta.

Nami, kwa ukaidi wangu, nimepanda muhogo.

Pingili tano, alizonibebea Shinuna kutoka Wete
ndani ya gazeti lililoloa,
akasema hazitamaliza wiki.
Nikajenga kibanda nyuma ya nyumba,
mabomba ya plastiki nimeyapinda upinde,
nailoni juu yake,
urefu wa mkeka mmoja na nusu.
Wajukuu wakakiita hospitali.

Mwaka wa kwanza nilifanya ninachokijua:
nilitia seredani.
Mkaa mwekundu, umeiva, hauna moshi hata chembe.
Nikabana nailoni kwa mawe pande zote,
nikaenda kulala na kiburi changu.
Nani kati yetu hakukulia ubavuni mwa seredani?
Lakini jiko la mama lilikuwa la makuti,
likipumua usiku na mchana
bila kutwambia.

Alfajiri nilimkuta Simsim, paka wetu,
amejikunja chini ya majani,
hana jeraha, hana hata unyoya uliosimama.
Nikamwita mara tatu.
Mara ya tatu kichwa changu mwenyewe kikazunguka,
magoti yakawa maji,
nikatoka kwa kutambaa,
nikalala kwenye changarawe yenye barafu
nikitazama nyota zikizidi idadi yake.

Muhogo ulikuwa umesitawi.
Hilo ndilo lililoniudhi.

Muhanna, mwanangu, fundi umeme Nizwa,
alipanda na gari usiku uleule. Hakupiga kelele.
Kelele ningeziweza.
Aliitoa seredani kwa mikono miwili, polepole,
akaiweka mbali na nyumba, akasema:
Mama, moshi unaouona unakufukuza.
Huu hauonekani, haunuki.
Huu unakubembeleza.

Mwaka huu kuna mapipa matatu, meusi, yamejaa maji,
yamepangwa pale jua linapopiga.
Mchana yanakopa,
usiku yanalipa, kidogo kidogo,
bila kudaiwa.
Ndani kuna nailoni ya pili, ile yenye malengelenge,
wajukuu nimewakataza kuyapasua
na wanayapasua.
Kwa zile usiku mbaya, hita ndogo ya mafuta
juu ya tofali, mbali na nailoni, mbali na matone.
Waya wake mzima, haukuungwa kwa gundi,
na swichi inayojikata yenyewe ikihisi maji.
Inawaka kipimajoto kikishuka hadi tano.
Ikifika nane, inanyamaza.
Ningependa wanadamu wawe hivyo.

Na juu, karibu na upinde, kuna tundu
sawa na ngumi yangu,
ambalo sina ruhusa kuliziba.

Nililichukia tundu lile.
Nalipa umeme, halafu naifungulia baridi mlango?
Mara mbili nimeamka na kitambaa mkononi.
Mara mbili nimesimama pale chini,
pumzi yangu ikipanda nyeupe, ikipita, ikienda zake,
nikarudi ndani na kitambaa changu.

Usiku wa kushuka chini ya sifuri
nilikwenda kuligusa pipa la katikati
kwa mgongo wa kiganja,
kama unavyogusa paji la mtoto anayeumwa.
Vuguvugu. Limelala salama.

Pingili mbili zilikufa hata hivyo.
Tatu zimebaki, moja ina majani ya manjano,
inanung'unika.
Machi nilipika kisamvu cha watu wanne
tukakila watu saba.
Shinuna akalamba kijiko, akasema
nazi hii ni ya kopo.

Ni ya kopo.

Siku hizi nikilala naacha dirisha la chumba
wazi, kidole kimoja.
Baridi inapita juu ya miguu yangu,
inafika pale alipokuwa akilala Simsim,
inazunguka, inatoka.
Iache ipite.